Nimekwama Kweli, Wao Wanapiga Makofi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, kwa sababu hakuna kinywa chenye meno, wala kilichobaki fizi tupu, ambacho hakijawahi kusema maneno yangu, "Ngojeni kwanza, nimekwama," na nasikia hata kasuku wanayasema, ila hilo sijalithibitisha.

Mimi ni fundi bati, natengeneza ndoo, shule niliiacha mapema baada ya kuona walimu wananirudisha darasa lilelile bila jambo jipya, lakini redio ilipotaka kutoa mchezo wa viumbe wa chuma waliotoka nyota ya mbali kuja kuiteka dunia, walinifuata mimi, eti niwauzie ndoo, wakasikia sauti yangu inavyovuma humo ndani, wakasema huyu ndiye mfalme wa viumbe, nikavishwa ndoo yangu mwenyewe yenye vitobo viwili vya macho, mchezo ukaenda hewani moja kwa moja, wanadamu wanatetemeka, mimi natakiwa kunguruma "Pigeni magoti!", na hapo ndipo nikasema yale maneno, na dunia ikaokoka.

Kesho yake dereva wa lori lililozama topeni akayasema, mwalimu wa hesabu akayasema ubaoni, bwana harusi akaulizwa kama anakubali akayasema, nusura wakwe wamtoe roho, na leo hata mtoto anayejifunza kutembea akishika mguu wa meza huyasema. Watu wakiniuliza niliyatoa wapi, nawajibu kwamba nilifunga kula nikitafakari kiburi cha wenye nguvu, mpaka yakanishukia.

Mke wangu akisikia hivyo huguna, maana siku ile yeye ndiye alikuwa mfagizi wa studio, na aliona kwamba jasho lilinizidi, nikataka kuivua ndoo, kumbe nilipoitengeneza, pindo la mdomo wake nililikunja kwa ndani badala ya nje, likaning'ang'ania masikioni, nikapiga kelele mbele ya kipaza sauti, basi. Alinitoa yeye kwa sabuni yake ya kusugulia sakafu, akaniambia, "Kaka, mfalme gani ana masikio makubwa hivi?" Nikamwoa.

Sasa Jumamosi redio inanitukuza, nisimulie msemo ulivyozaliwa, na ndoo ileile itundikwe ukutani kwao. Jana mke wangu akasema, "Mume wangu, ukisimulia ya kufunga kula, nenda peke yako. Nimechoka kufutwa kwenye mapenzi yangu mwenyewe." Nikamjibu kwamba historia haina nafasi ya sabuni. Akaenda kusugua sufuria, na kusugua kwake, mshauri, kulisikika mpaka nyumba ya tatu.

Nifanyeje, maana bila yeye sherehe kwangu ni matanga, na jibu nalitaka upesi, kwa sababu asubuhi hii nilikuwa naijaribu ndoo kwa ajili ya Jumamosi, na nimeita "Nimekwama!" mpaka koo limekauka, majirani wanapiga makofi, "Mjomba, bado unazo mbwembwe zako!", mke wangu naye kutoka jikoni ananiambia, "Umesikika, mfalme," na mkasi wa bati ninao lakini nikiikata ndoo nitatundika nini, kwa hiyo nakuandikia haya nikichungulia kupitia kitobo cha kushoto.

Mjomba wa Ndoo

*

Mjomba wa Ndoo,

Jibu hili nalituma kwenye simu yako kwanza. Gazeti linaweza kusubiri, masikio yako hayawezi.

Pole sana. Nimecheka mpaka mhariri amekuja kuangalia kuna nini. Sasa nisikilize. Kukunja pindo kwa ndani ni bahati mbaya ya fundi. Kuingiza kichwa humohumo mara ya pili ni ukaidi, na usiisingizie redio.

Umeipa dunia nzima maneno ya kuombea msaada, halafu aliyekusaidia ndiye pekee usiyemtaja! Unadhani watu waliupenda msemo wako kwa sababu ya kiburi cha wenye nguvu? Waliupenda kwa sababu mfalme wa nyota alikwama kama wao. Ukiwaletea hadithi ya kufunga kula unawanyang'anya kicheko chao, na mkeo unamnyang'anya siku aliyokupata. Jumamosi mtaje yeye kabla hujajitaja wewe, na ndoo itundikwe na kipande cha sabuni kando yake.

Lakini Jumamosi ni mbali. Acha kuvuta ndoo kwa kishikio, utang'oa sikio. Acha pia kuita "nimekwama", utapigiwa makofi mpaka jioni. Papasa ukuta hadi jikoni, simama mbele yake, useme: "Mke wangu, siku ile ulinitoa wewe."

Maneno hayo hayajawahi kutoka kinywani mwako, kwa hiyo atajua huigizi. Sabuni ataileta mwenyewe.