Hodi Niliyoinyamazia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku tunapumua, ila mimi napumua kwa woga, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, na wewe usingeelewa neno.

Wale watawa wawili wa Kibudha wamefikia kwangu. Paa la kituo chetu cha kutafakari limevuja hadi magodoro yao yameloa, na mwalimu akauliza nani ana chumba. Mimi niliangalia kucha zangu. Baba mtoto, ambaye hata kukaa amekunja miguu hawezi, ndiye aliyenyoosha mkono. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, na kesho yake akaenda zake kutengeneza lifti za watu, akaniachia mimi huko kupona.

Mtawa kijana hana neno. Anafagia, anaosha bakuli lake, anacheka na paka. Tatizo ni yule mzee. Anakohoa, dada, kikohozi kizito kinachoanzia chini kabisa, na kila kikija namtazama mwanangu. Unajua alivyozaliwa kabla ya siku zake, na jinsi daktari alivyonionya kuhusu mapafu yake. Hata wewe ulipokuja na zawadi ukataka kumbeba, nilikwambia amelala.

Nilianza kwa kupangusa vitasa kwa dawa. Kisha nikawatengea vikombe vyao. Kisha nikawa najifungia chumbani na mtoto, nimeziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Nilikuwa nakaa kutafakari kama ulivyonifundisha, nikiwatakia heri viumbe vyote, huku masikio yangu yapo ukutani yakisubiri kikohozi kingine.

Utaratibu wao unaujua kuliko mimi: hawali baada ya saa sita mchana, na hawagusi chakula ambacho hawajakabidhiwa mkononi. Hata kiwe mbele ya pua, kisipotolewa na mtu asiye mtawa si chao. Siku zote nilikuwa nakabidhi harakaharaka, uso nimeugeuza. Juzi nikapika, nikaweka mezani, nikafunika, nikarudi chumbani na kufunga kwa ufunguo.

Baba mtoto aliporudi alasiri alikuta sahani zimefunikwa vilevile, na mzee yuko sakafuni sebuleni, kichwa mapajani mwa kijana. Njaa na homa vilikuwa vimemwangusha. Sijawahi kuogopa vile. Niliwaza atafia kwangu, na papo hapo nikawaza, nisamehe, nani ataosha sakafu. Tulimkimbiza zahanati, wakachukua makohozi ya kupima, wakaturudisha naye na barakoa. Majibu ni kesho kutwa.

Nilimwambia baba mtoto kwamba nilisahau ule utaratibu, halafu usingizi ukanipitia. Akaniamini. Mzee naye, kijana akimtafsiria, aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto hajambo. Alidhani sikutoka kwa sababu mtoto ameugua.

Dada, sikusahau wala sikulala. Saa tano na nusu kijana alibisha hodi, taratibu, akaniambia kupitia mlangoni kwamba muda unakwisha. Mimi nimekaa kitandani, na mtoto mikononi akaanza kuguna kama anayetaka kuitika. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Sijui nilimbana kwa muda gani. Nakumbuka macho yake, na kwamba nilipoondoa mkono alichelewa kulia. Kikohozi cha mzee hakijamfanya mwanangu lolote. Mkono huu ninaoandikia ndio uliomfanya.

Tangu jana nawakabidhi chakula mwenyewe, barakoa usoni, madirisha wazi. Kikohozi bado nakiogopa, ila sasa nauogopa zaidi mlango uliofungwa. Na siku ile ulipokuja, mtoto hakuwa amelala. Sikutaka tu mtu mwingine amguse. Nakuomba uje umchukue, akae kwako mpaka majibu yatoke na mzee apate nafuu. Mbebe utakavyo.

Nisalimie shemeji na wanao. Ukifika usipige simu, bisha hodi. Nitafungua.

Mdogo wako,
Kitindamimba