Chuma Kilichodhoofishwa

Jumatatu, 3 Machi
Basi, kisha treni mpaka Shaw. Mzee Otis, Mmarekani ninayemtunza, ameoga bila ugomvi, amekunywa uji nusu bakuli. Miguu imevimba tena. Figo. Kiswahili chake cha chuoni bado kinanichekesha: ananiita Bibi Wambui. Nimemwambia kwetu Kenya bibi ni mke, watu watadhani amenioa. Anasema kitabu kilimfundisha hivyo na kitabu hakikosei.

Baada ya chai akafungua droo, akanipa kipande cha chuma cheusi, urefu wa kidole gumba, kizito ajabu. Alikiokota vitani, jangwani, kando ya kifaru kilichoungua. Kimetoka kwenye kombora la kutoboa vifaru. "Urani iliyodhoofishwa," akasema, nikiweke mahali nikitazame tu. Sikukitaka. Lakini zawadi ya mzee hairudishwi. Nikatia mkobani.

Alhamisi, 6 Machi
Visu vya nyumba hii ni butu, hata nyanya vinaiponda. Kwetu tungenoa kwenye jiwe la mlangoni. Hapa kwangu Alexandria, ghorofa ya tano, jiwe utalitoa wapi? Nikakumbuka chuma cha Mzee. Nikanolea juu yake, kinatoa cheche ndogo. Binti yangu Nyokabi akapiga makofi, akataka nirudie. Nikarudia. Mboga ya sukuma nimeikata nyembamba kama ya mama yangu. Mtoto ameomba nyongeza, jambo la nadra.

Jumanne, 11 Machi
Nimemsimulia Mzee, nikidhani atafurahi kwamba zawadi yake imepata kazi. Akaweka kikombe vibaya, chai ikamwagika. Akauliza kama kulikuwa na vumbi. Nikasema lipo kidogo, jeusi, nalipangusa kwa kitambaa cha vyombo.

"Wambui, listen to me. Nani amekula?"

Nikamwambia. Mimi na binti yangu. Ana miaka sita.

Akanieleza. Chuma kikiwa kizima, ngozi inazuia mionzi yake. Kikigeuka vumbi, ukalivuta au ukalimeza, ni sumu kwa figo, na mionzi inaingia nalo. Yeye mwenyewe ana vipande pajani, tangu kifaru chao kilipopigwa kwa makosa na wenzao. Madaktari hawajakubaliana kama ndivyo vilivyomharibu figo.

Nikamfokea, mgonjwa wangu. Si yeye aliyesema imedhoofishwa? Akasema ndivyo kamusi ilivyompa: wametoa sehemu iliyo kali zaidi, basi imedhoofika. Mimi nilisikia kitu kisicho na nguvu tena, kama soda iliyoisha gesi. Nimemchukia njia nzima kwenye treni. Kufika nyumbani nikajichukia mimi.

Jumatano, 12 Machi
Sikwenda kazini, nimepiga simu ya dharura. Wamekuja watu wawili wenye glavu, barakoa na kisanduku kizito. Wamechukua chuma, visu, ubao wa kukatia, kitambaa. Wamepitisha kipimo cha mionzi juu ya kaunta, kikawa kinalialia. Walikuwa na adabu. Adabu yao ilinitisha zaidi.

Nyokabi amekuwa akikojolea chupa ya hospitali tangu asubuhi. "Mom, this is so weird," anasema, anacheka. Naogopa mkojo wa mtoto wangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Nasafisha. Nasafisha tena. Nikifumba macho naziona zile cheche, naye anapiga makofi. Mimi ndiye niliyerudia.

Jumatano, 19 Machi
Majibu bado. Ameniuliza kwa nini namtazama anapokula.

Jumanne, 25 Machi
Majibu. Daktari kule Rockville anasema kilichoonekana kwenye mkojo ni kidogo sana, kama cha mtu yeyote. Figo nzima. Watampima tena baadaye, kwa hakika tu. Nimelia kwenye maegesho kama mtu aliyefiwa. Mungu asante. Mungu asante. Nyokabi alitaka chipsi, nikamnunulia.

Jumapili, 30 Machi
Kutoka kanisani nikapita kwa Mzee. Amekonda. Nilimwomba radhi kwa kumfokea, naye akaniomba mimi. Nikamwambia mtoto ni mzima.

Kisha akauliza walikuja wangapi kuchukua kile kipande. Nikasema wawili, na kisanduku.

Akageukia dirisha. Akasema kule vitani walipiga vifaru vikaungua barabara nzima, moshi na vumbi vikatanda, wakasonga mbele. Hakuna aliyebaki kufagia. Waliporudi kwa njia ileile walikuta watoto wamepanda juu ya vile vifaru, wanacheza, wanawapungia mikono.

"Na sisi tukawapungia," akasema.

Nilimwaza mama wa mmoja wao, akimnawisha mikono jioni ile, maji yakitoka meusi, naye akidhani ni uchafu wa kawaida wa mchezo. Hakuna aliyempelekea chupa. Labda bado hajui.

Nikakaa na Mzee mpaka akasinzia, nikamfunika blanketi, nikashuka kwenda kungoja treni.