Msukani Anayehama

Mtawanya, 2 Juni 2024

Mjukuu wangu mpendwa Zena,

Assalaam alaykum. Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, wewe na huyo uliyembeba. Mimi ni mzima, ila magoti. Niwie radhi kuyataja kabla ya mambo yako.

Tangu niliposikia kwamba presha yako inapanda, situlii. Mumeo yuko mbali. Tafadhali vuka, uje ujifungulie hospitali ya Mchukwi. Ila, kwa hisani yako, usipande boti ya Badru. Alikuwa mtu wetu wa kubeba kaa, akahamia kwa mshindani wetu Twalha, akarudi, na sasa yuko kwa Twalha tena. Nimemwomba Saadi akuvushe kwa boti yake, maana yeye hajapata kutuacha. Badru ni yule yule msukani wa riwaya ya bahari niliyokupa: asubuhi yu pamoja na nahodha, jioni yu pamoja na waasi. Mtu wa namna hiyo hakabidhiwi hata kuku.

Nisamehe ukali wangu.

Babu yako,
Abubakary

Mbwera, 9 Juni 2024

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Mimi sijambo, mke mwenzangu aliye tumboni anapiga mateke. Pole na magoti. Ungekubali kuoa tena, ungekandwa.

Riwaya nimeimaliza, na msukani umemwonea. Waasi walipotaka kuwatosa wagonjwa, nani alikataa? Nahodha alipotaka kuwanyonga waasi, nani aliwafungua? Anahama, Babu, lakini kila mara anahamia kwa anayekaribia kufa.

Hata hivyo neno lako silivunji. Ijumaa napanda na Saadi. Watu wa hapa wanasema siku hiyo ni maji mafu, mkondo hautajaa vizuri. Saadi anaapa atapita tu, kwa kuwa amekuahidi wewe.

Mjukuu wako,
Zena

Mchukwi, 15 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Assalaam alaykum, na hongera! Saa ya kuona wagonjwa haijafika, basi shangazi yako Zamda atakuletea barua hii pamoja na uji. Ameniambia kwamba presha imeshuka na mtoto ananyonya. Alhamdulillahi. Nimelia hapa kwenye benchi mbele za watu; niwie radhi.

Niwie radhi na kwa jambo kubwa zaidi. Saadi alikukwamisha topeni, uchungu umekwisha kuanza, kwa sababu tu hakutaka kuvunja ahadi aliyonipa. Uaminifu wake niliusifu mimi.

Badru, aliyekutoa pale topeni, ameketi kando yangu. Nimemuuliza alikupakiaje, ilhali boti yake ilijaa kaa wa Twalha.

“Niliwamwaga, mzee. Boti ikawa nyepesi, tukapita.”

“Na Twalha?”

“Kanifukuza. Nirudi kwenu?”

“Utakaa?”

“Mpaka mtakaponiudhi.”

Nimecheka hata muuguzi akatoka kutunyamazisha.

Kuhusu msukani, hazina ya merikebu bado nisingempa. Wagonjwa ningempa wote.

Nimemwambia Badru, mlango wa wodi ukifunguliwa, atangulie yeye kumpakata mtoto.

Babu yenu,
Abubakary