Siku Nne Baba Alizokaa Kwako Majengo

Mpendwa shangazi Mwajuma,

Shikamoo. Najua ungekuwa hapa ungeitikia "marahaba" kabla sijamaliza neno, kisha ungeniuliza kama nimekula, kisha ungejijibu mwenyewe kwamba sijala, na sahani ingekuwa tayari mbele yangu. Ni mwaka mmoja na miezi kidogo tangu tukuzike Chemba. Muda wote huo nimekuwa nikikuandikia kichwani, nikifua, nikisahihisha madaftari ya watoto, nikisubiri bajaji. Leo nimekaa nikashika kalamu. Naandika barua ya wazi, asome anayetaka, maana wewe hukuwa mtu wa siri, ukiacha ile moja yetu.

Ile moja ilidumu karibu miaka miwili. Baba alijua binti yake analala hosteli ya chuo. Binti yake alikuwa analala kwako Majengo, kwenye chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya uwele na karanga.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimeingia sokoni kununua karanga za kukaanga, nikasikia mama mmoja anabishana na mteja huku anacheka. Nikageuka, nikasimama palepale. Ulikuwa na sura ya baba kabisa, ila yenye kucheka. Ukaniona ninavyokukodolea macho, ukaacha kupima.

"Wewe ni wa Yohana," ukasema. Hukuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mama yako yuko Mkonze. Mimi ni shangazi yako. Unalala wapi?"

Nikakuambia habari za hosteli, tulivyobanana chumbani na maji yanavyokatika. Ukaniambia nikalete godoro. Jioni ile ile nilihamia, nikiwa najua kukuhusu mambo mawili tu niliyoyasikia utotoni: kwamba zamani uliitwa Marta, na kwamba baba hataki utajwe nyumbani.

Mengine ulinieleza mwenyewe tukiwa tunapeta nafaka, bila kinyongo, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Uliolewa na Mwislamu wa Chemba, ukasilimu, ukaitwa Mwajuma. Baba, ambaye wakati huo ndiyo kwanza amewekwa kuwa mwinjilisti, hakuja harusini. Ukanyamaza. Miaka ikapita, mume akafariki, na msibani pia hakuja. Hilo ndilo lililokuuma. "Harusi mtu anaweza kususa," uliniambia. "Lakini maiti ilimkosea nini?" Ukafungasha, ukaja Dodoma kuuza nafaka, na wewe na kaka yako mkaishi mji mmoja miaka tisa bila salamu.

Halafu ukaja mwaka ule wa vurugu.

Nisiseme mengi, waliokuwepo wanakumbuka. Mji ulikuwa na hasira, na sisi wanafunzi tulijiona ndio tutakaoutengeneza. Asubuhi moja mimi na rafiki yangu Asteria tulitoka kwenda kuungana na wenzetu barabarani. Sikukuaga, na hilo linanisuta mpaka leo. Hatukufika mbali. Nakumbuka moshi uliowasha macho, viatu vimetapakaa njiani, watu wanakimbia kila upande. Mkono wa Asteria ulinitoka. Nikaanguka kwenye kokoto, goti likachanika, nikainuka nikakimbia kwa uchochoro mpaka kwako.

Ulinikalisha kwenye kigoda, ukaniosha goti kwa maji ya chumvi. Nilijua utanigombeza. Badala yake ulinishika kidevu, ukanitazama jicho moja, kisha la pili, kama unayehakikisha kwamba niliyerudi ni mimi mzima.

"Asteria yuko wapi?"

"Sijui, shangazi."

Ukanivuta kifuani kwako. Nikalia, na wewe ukalia kidogo, kisha ukajifuta kwa ncha ya mtandio. "Kesho unapeta uwele," ukasema. "Hutoki."

Siku hiyo simu hazikuwa na mtandao. Kule Mkonze baba alikuwa anazunguka uani, anataka kwenda hosteli kunitafuta. Ndipo mama, ambaye tangu mwanzo alikuwa anajua kila kitu kwa sababu nilishindwa kumficha, akaweka mwiko chini akamwambia: "Yohana, binti yako yuko Majengo kwa dada yako. Yuko huko tangu mwaka wa kwanza. Kamwangalie kwanza, halafu utarudi tugombane."

Alikuja kwa miguu asubuhi iliyofuata, njia nzima. Nilikuwa jikoni niliposikia "hodi" ambayo niliijua tangu tumboni. Nikaganda na ungo mkononi. Wewe ukaenda kufungua.

"Marta," nikamsikia baba.

"Marta hayupo. Yupo Mwajuma. Ingia, kuna jua."

Akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaniona nachechemea, akauliza, nikamwambia ukweli wote. Akaweka mkono wake kichwani kwangu, akauacha pale muda mrefu. Kisha akasema, "Vaa viatu, tunaondoka."

Hatukuondoka. Kabla sijapata viatu lilipita gari la matangazo: barabara zimefungwa, kila mtu abaki alipo mpaka itakapotangazwa vingine. Baba akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Wewe ukainua sufuria ukaongeza maji ya ugali.

Shangazi, siku ile ya kwanza! Mlizungumza kwa kunipitia mimi. "Eliza, mwambie baba yako maji ya kuoga yapo." "Eliza, mwambie nimesikia." Nyumba yenyewe vyumba viwili na sebule, mko hatua tatu kutoka mmoja kwa mwingine. Alfajiri uliamka kuswali, ukamkuta baba amepiga magoti palepale unapotandika mkeka wako. Ukasubiri. Ukakohoa. Baba akaendelea kuombea taifa, akaombea viongozi, akaombea vijana, akaanza kuombea mvua.

"Yohana," ukamwambia, bila kunipitia, "mvua iache, mimi nitaiombea. Nipishe, muda unapita."

Akapisha. Hayo yalikuwa maneno yenu ya kwanza tangu pale mlangoni.

Siku ya pili mlipigana kwa ajili ya mlenda. Soko limefungwa, chakula ni ugali wa mtama na mlenda, mchana na jioni. Baba akaonja, akasema mama yenu hakuwa anaupika hivi, alikuwa anatia karanga mapema. Ukasema alikuwa anatia mwisho. Akasema mapema. Hapo ghafla ulikiacha Kiswahili, ukamjibu kwa Kisandawe, na baba, ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akikitamka, akakujibu hivyo hivyo. Zile sauti za kugonga ulimi zilikuwa zinatoka kinywani mwa mtu ambaye mahubiri yake nayajua kwa moyo! Nilibaki na tonge mkononi. Nyumbani tuliongea Kiswahili, na Kigogo kidogo cha upande wa mama. Lugha ya kwao baba aliifungia mahali pamoja na jina lako. Siku ile alipigana kwa lugha hiyo saa nzima, mikono juu, shati limetoka kiunoni, na mwishowe mkawa mnabishana kuhusu mbuzi fulani aliyekufa kabla sijazaliwa. Sikuelewa chochote, lakini nilielewa kwamba hakuna kati yenu aliyetaka ubishi ule uishe.

Mchana wa siku ya tatu wakaja askari wawili. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za vijana waliokuwa barabarani. Nilikuwa uani nafua, kanga imefunika goti. Nilimwona baba anavyobadilika rangi, nami nilijua kwa nini. Baba yangu hajui kudanganya. Akiulizwa atasema, na akisema watanichukua.

"Mama," askari mmoja akakuuliza, "kuna kijana yeyote wa hapa aliyetoka siku ya vurugu?"

Ukamtazama kwa uso wa bibi kizee aliyetoka porini jana, ukamjibu kwa Kisandawe. Wewe, shangazi, uliyekuwa unatukana kwa Kiswahili fasaha sokoni kila siku ya Mungu!

"Hajui Kiswahili huyu?" askari akamgeukia baba.

Baba akasogea karibu yako. "Huyu ni dada yangu, Mwajuma," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo. "Mnataka nimuulize?"

"Muulize."

Akakuuliza kwa Kisandawe. Na wewe ukajibu. Ulijibu dakika kumi! Ulionyesha paa, ulionyesha kuku, ulishika kiuno, ulipiga paja, karibu utoe machozi. Askari wakatazamana.

"Anasemaje?"

"Anasema," baba akaanza, jasho linamtiririka, "mvua ya mwaka jana ilimharibia uwele. Anasema kuku wake mmoja hatagi. Na anasema... anasema mna sura za watu wasiokula tangu asubuhi, mkae mpate uji."

Wakacheka. Walikuwa vijana tu, shangazi, labda wananizidi miaka miwili. Midomo imekauka. Wakanywa uji wa uwele wamesimama, vikombe viwili kila mmoja, wakashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

Baba akafunga mlango, akaegemea ukuta. "Nimesema uongo?" akakuuliza, kwa hofu ya kweli.

"Wewe umetafsiri tu," ukamwambia. "Kasoro umeacha nilipowasifu masikio."

Alianza kucheka taratibu, akashuka na ukuta mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Sijawahi kumwona hivyo. Wewe ukacheka ukashindwa kusimama, ukakaa kando yake. Mimi nikaja na mapovu mikononi, nikacheka nikiwaona mnavyocheka. Kisha kicheko cha baba kikakatika.

"Siku ya msiba wa shemeji nilifika," akasema. "Nilifika mpaka stendi ya Chemba. Nilishuka kwenye basi. Nikaogopa watu wa kanisani watasemaje, nikapanda basi lile lile nikarudi."

Ukajifuta machozi ya kicheko kwa mtandio.

"Najua," ukasema. "Watu walikuona. Waliniambia jioni ile ile."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakusubiri useme."

"Nisamehe, dada."

Hukumwambia umemsamehe. Ulisema, "Inuka, sakafu ina baridi, mgongo wako mbovu tangu utoto." Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikidhani nimekwenda barabarani kujifunza ujasiri. Nilikuwa sijaona mtu mzima akikiri woga wake mbele ya mtoto wake.

Siku ya nne barabara zikafunguliwa. Baba akavaa kofia, akakuaga, akafika getini akarudi kuuliza kama Jumamosi utakuwepo. "Mimi nitakwenda wapi?" ukamjibu. Jumamosi akaja na mama na kikapu cha zabibu. Baada ya hapo hakuna Jumamosi aliyokosa, mpaka mama akaanza kulalamika kwamba sasa amefiwa na mume.

Asteria alirudi baada ya wiki mbili. Muda mrefu hakusema alikokuwa, na wewe ndiye uliyekuwa unamwita aje kupeta uwele nasi, humuulizi kitu, unampa ungo tu. Sasa ana duka la vitambaa, anaongea mpaka wateja wanachoka. Amenituma nikusalimie.

Na Iddi zile! Baba amekaa mkekani kwako na sahani ya pilau, anaomba kabla ya kula, wewe unamsubiri huku unapunga nzi. Krismasi unakuja Mkonze umejitanda mtandio mpya, unakaa nje ya kanisa kwenye kivuli mpaka ibada iishe, halafu unamwambia kaka yako mahubiri yalikuwa marefu, umeyasikia yote dirishani. Baadhi ya wazee wa kanisa walimsema. Aliwaambia wamsimamishe mbele ya kanisa wakitaka, lakini Jumamosi wasimtafute, hatakuwepo.

Tulipokuzika, wenzako walipanga safu kukuswalia, baba akasimama pembeni, kofia kifuani. Ilipofika zamu ya kufukia akashika koleo, wakampisha. Jioni, msibani, alisimulia kisa cha askari na uji, akiigiza sauti yako na yake, na watu wa Chemba walicheka mpaka sheikh akalazimika kujifunika uso kwa kanzu.

Sasa nikupe habari zangu. Nafundisha shule ya msingi hapa Mkonze. Tangu mwaka ule, nikienda kwenye mkutano wa mtaa nilikuwa nakaa nyuma, natazama chini, narudi nyumbani na maneno yangu. Wiki iliyopita tulikutana kwa ajili ya kisima kilichokufa muda mrefu, kila mkutano tunaambiwa fundi yuko njiani. Sijui nini kiliniinua. Nilijikuta nimesimama. Nilianza sentensi, nikaiacha katikati. Nikasikia huko nyuma baba anapaza sauti kama yuko mimbarini: "Sema, binti yangu! Sema!" Mwenyekiti akamwambia mwinjilisti akae, watu wakacheka, na mimi nikasema. Nilisema habari za watoto wanaokuja darasani wamechelewa, madumu mkononi, wanasinzia saa nne. Nilisema mpaka mwisho. Wamenichagua kamati ya maji, shangazi, na fundi tumeshampata wenyewe. Jumatatu anaanza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba amenishika mkono. Nikamuuliza kama niliongea sana.

"Hapana," akasema. "Angekuwepo shangazi yako, mpaka sasa tungekuwa bado mkutanoni."

Lala salama, shangazi yangu.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Eliza