Udongo Mbichi wa Tanuri

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Hapa Marambo hatujambo. Ufuta tumeshavuna, na babu yako anakusalimu.

Unauliza kama umwambie msimamizi wako habari za ule ufa uliouona ukutani hapo, nawe bado mgeni kazini.

Miaka ya tisini, tulipokaa Ruangwa, tulijenga tanuri la mikate uani. Msingi wake ulikuwa wa matofali ya kuchoma, na chini tuliacha uwazi wa kuweka kuni. Mbao zilishikilia matofali ya juu mpaka udongo ukauke. Udongo niliukanda mimi. Siku ya tatu asubuhi niliubonyeza, kidole kikazama. Lakini babu yako na mdogo wake Saidi walishakubaliana kutoa mbao, maana tulikuwa tumeahidi mikate ya harusi. Nikanyamaza. Wao ndio mafundi.

Mchana Saidi akaingia kwa tumbo ndani ya ule uwazi mpaka kiunoni, akaanza kugonga mbao. Udongo ukamdondokea mgongoni.

"Shemeji, toka. Udongo bado mbichi."

"Imebaki moja tu, shemeji."

Nikamshika miguu nikamvuta. Akatoka amekasirika, magoti yamechubuka. Kabla hajasimama, matofali yote ya juu yakaporomoka pale alipokuwa amelala.

Kisha babu yako akaniuliza polepole, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Saidi alinishukuru mara nyingi. Kila akinishukuru, nilikuwa natazama chini.

Niandikie msimamizi alikujibu nini.

Bibi yako