Ile Saa Nzima ya Kuzika Ordinateri

Mupendwa muke wangu,

Ordinateri yako, ile kompyuta uliyopigiaga watu barua, imetoka mu udongo. Najua ungenicheka: mutu muzima anakaa peke yake ku meza, anaandikia muke wake habari ya mashine. Basi cheka. Nyumba imenyamaza sana, hata ile michokozo yako ningeipokea.

Unakumbuka ile asubui kwetu Burungu, masasi ya bunduki ilipoanza kulia nyuma ya kilima. Watu walikuwa wanafunga mizigo. Mimi nikakamata jembe, nikaenda kuchimba mu kiraro cha ngombe za baba yako, kwa sababu mavi inafichaga alama ya shimo, na wenye bunduki wanachimbuaga penye udongo mupya. Ulinishika mukono: "Acha iyo kitu, twende." Nikakujibu, "Tangulia na wengine, niko nakuya nyuma yenu."

Kuizika kulinikamata saa nzima. Nilipofika ku njia ya Walikale, kundi lenu lilikuwa limeshatawanywa na masasi. Nilikuulizia mupaka Hombo. Hakuna aliyekuona.

Miaka imepita, na juma hili nilirudi kuichimbua. Bashi, ile turubai niliyoifungia, ilikuwa nzima, lakini joto la mavi lilikuwa limeingia. Zile kondansateri, vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa na kutoa maji yenye harufu ya samaki. Baba mumoja wa Butembo, mwenye duka hapa, alinipa redio zake zilizokufa nitoe humo kondansateri zingine. Wenzake wananiuliza, ordinateri ya zamani vile ni ya nini? Siwaambii. Nataka iwake tu, ili ile saa isiwe ya bure.

Zamani wewe ndiye ulinishikiaga tochi na kunisomea mustari mweupe wenye kuonyesha upande wa kutoa, ule wa hasi. Sasa tochi naishika kwa meno. Kondansateri ya kwanza niliiweka kinyume, ikapasuka, moshi ukajaa chumba. Nikatukana. Kisha nikakaa chini nikalia, na haikuwa juu ya kondansateri.

Nilianza upya, moja moja, polepole, nikigeuza kila moja mara tatu kabla ya kuiunga kwa chuma cha moto.

Leo muchana nilimaliza. Nikabonyeza. Feni ikanguruma, kioo kikawa kijani, nikafungua kazi yako, na barua ya mwisho uliyokuwa unamupigia Mama mumoja wa Bihambwe ikatokea yote. Nikageuka na furaha, nikakuita jina kwa sauti, uje uone.

Nilisimama pale muda murefu, uso ukiangalia mulango.

Inafanya kazi muzuri kabisa, muke wangu. Na mimi nilipaswa kwenda na wewe.

Kama unalala, lala salama. Kama ungali unatembea, njia ikuchunge. Sijui nikuombee gani kati ya ile mbili, kwa hiyo naomba zote.

Bwana yako