Benchi Lenye Jina Lako

Baba Zuhura,

Naanza kuandika nimesimama, karatasi juu ya pipa la mawese, na najua ungesema nini. "Ikala kidogo, mama Zuhura. Ile mafuta haiko na miguu." Miaka yote uliniambia nikae hivyo, wewe umekaa ufukweni jioni ukitazama mitumbwi, mimi napita na madumu yangu nikikujibu kwamba nakuja. Tangu ulipotutoka situlii. Hata kulala nalala kama mtu anayesubiri gari. Eda ilinitesa, maana ilinitaka nikae.

Ilipokwisha, Zuhura akanitumia tiketi niende kwake Uingereza nikapumzike. Mapumziko yenyewe, baba, yalikuwa kutembezwa bustani. Bustani za mabwana wao wa zamani, majumba makubwa ya mawe, unalipa mlangoni ili ukatazame majani. Miti wameikata kwa mkasi mpaka ina pembe kama sanduku. Katika bustani moja kuna nyumba ya vioo, na ndani yake, nakwambia kweli, mchikichi, mti wetu wa mawese. Mmoja tu, umewashiwa joto kama mtoto njiti, na kibao cha kukataza kuugusa. Nilicheka mpaka mwanao akaona aibu. Halafu nikalia, kwa sababu nilitaka kukuhadithia wewe.

Kilichonishinda ni mabenchi. Yako kila mahali, ya mbao nzito, na mengi yana kibao chenye jina la marehemu. Zuhura akanisomea: fulani, aliipenda bustani hii. Nikajua ndipo walipomzika. Nikamsalimia, nikasonga mbele. Benchi la pili, hivyo hivyo. Tukazunguka bustani nzima nikitafuta mahali pasipo na maiti, magoti yananiuma, mpaka Zuhura akanishika mkono. "Mama, hapa hapana kaburi. Iko kiti tu. Watu wake walikiweka wengine wapumzike."

Nikafikiri, mume wangu angependa kitu kama hiki. Lakini sikukaa. Sitaki kukaa kwa mume wa mtu mwingine.

Zuhura aliniomba nibaki kwake. Nikakataa, nilikuwa na kazi sasa. Niliporudi kwetu Rumonge nikamwagiza fundi benchi, akachonga jina lako kwenye egemeo, tukaliweka pale pale ulipozoea kukaa, karibu na wanawake wanaosubiri mitumbwi ya ndagala. Nikawa napita kila siku kuchungulia. Hakuna aliyekaa. Wamejipanga chini mchangani na mabeseni yao, benchi liko tupu, wanalipita mbali. Nilipandwa na hasira. Nikawauliza wana nini na wewe. Mama Asha, yule jirani yetu, akanijibu kwa upole, ameinamisha kichwa. "Siye hatuwezi kumukalia muzee."

Nikarudi nyumbani. Njiani nikaanza kucheka peke yangu, watu wakanitazama. Kumbe kosa langu lilinifuata kutoka Uingereza.

Jana nikachukua msasa nikalisugua jina lako mpaka ubao ukawa mweupe. Iliniuma, baba. Herufi ya mwisho nilitaka kuiacha. Nikaona nitakuwa nakudanganya kwamba nimewaachia kiti, nikaisugua nayo.

Leo, hapa kwenye pipa, nawaona wanawake wanne wamebanana juu yake wanabishana. Mgeni mmoja ameuliza njia ya sokoni, na Mama Asha amemwonyesha kwa mkono. "Pita pale kwa Baba Zuhura, ukunje kushoto."

Basi nimeacha pipa nikaenda. Wamenisogezea nafasi pembeni. Mistari hii naiandika nimekaa, kalamu inarukaruka kwa sababu Mama Asha hatulii, na ziwa liko mbele yangu jinsi ulivyokuwa ukiliona. Sikujua kwamba kutoka hapa mitumbwi inaonekana yote.

Mungu akulaze pema. Kesho jioni nitakuja tena, na kesho kutwa, nikae kidogo. Madumu nimeyaacha kule na hayajaenda popote.

Mama Zuhura wako